Je, Mmea Huhisi Ukame?

Katika darasa letu la tafsiri hapa Jabe tulibishana kipindi kizima juu ya sentensi moja: "Mahindi yalihisi ukame." Wengi waliikataa, wakidai kuhisi ni kwa mtu na mnyama. Mwanafunzi mmoja, ambaye wazazi wake hulima katika tambarare ya Imbo, aliitetea peke yake. Tunaona yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Udongo ukikauka, seli za mmea hupungukiwa na maji na msukumo wake wa ndani hushuka. Hapo mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, katika mizizi na hasa katika majani. Homoni hiyo hushikwa na protini pokezi, ambazo zilitambuliwa mwaka 2009. Pokezi iliyoshika homoni huikamata protini nyingine ambayo kazi yake ni kama breki. Breki ikiachia, vimeng'enya vilivyokuwa vimezuiwa huamka na kufungua njia katika utando wa seli linzi, zile mbili zinazopakana na kila kitundu cha jani. Chumvichumvi hutoka, maji huzifuata, seli hulegea, kitundu hufunga. Seli linzi za nafaka ni nene nchani na nyembamba katikati, nazo hufunga upesi kuliko za mimea mingi.

Kama huko si kuhisi, basi tutafutiwe kitenzi kingine.

Lakini kitundu kilichofungwa hakiingizi hewa ya kaboni, hivyo mmea huokoa maji huku ukijinyima chakula. Ukame ukiyakuta mahindi yanachanua, nywele za hindi huchelewa kutoka, chavua humwagika bure, na mkulima huvuna magunzi yenye mapengo. Mtama huvumilia zaidi, kwani majani yake yana nta nyingi na seli zake hukusanya prolini na sukari ili kubakiza maji.

Tuliona pia kwamba wanafunzi wetu huchanganya kunyauka na kukauka. Jani lililonyauka mchana huweza kusimama tena usiku, lililokauka halirudi. Mtafsiri akikosea hapo, mkulima anaweza kung'oa shamba ambalo lingepona.

Sentensi ile tumeiacha na kitenzi chake. Tulichofuta ni "kwa huzuni", maneno ambayo mtafsiri aliyaongeza mwenyewe.