Dosie ya kemia na dosie ya mahindi hazikujuana

Bandugu, nianze na kosa langu. Mwezi wa kumi na mbili 2021, mama mudogo alinunua mifuko miwili ya mbolea ya ure kwa pesa ya makala aliyouza. Shamba lake liko upande wa Kambove. Udongo wetu wa Haut-Katanga mnaujua: mwekundu, wenye asidi. Na mimi kwenye telefone nilikuwa na PDF inayosema weka chokaa. Basi tukamwaga chokaa, na ure juu yake siku ile ile. Nyuma ya wiki tatu mahindi yakawa manjano. Akaniuliza: « Weye njo ulisoma. Sasa juu ya nini inakuwa manjano? »

Jawabu nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza, ndani ya dosie ya kemia. Ure ikioza udongoni inatoa amoniamu, na amoniamu ikikutana na chokaa inageuka gesi ya amonia, inaruka hewani. Nitrojeni iliyolipiwa na makala ilienda na upepo. Mtihani wa somo lile nilipita vizuri sana! Lakini dosie ya kemia na dosie ya mahindi hazikujuana.

Wengi wetu tukimaliza lisansi tunaendelea kusoma peke yetu: leo kilimo, kesho Kingereza, kesho kutwa hesabu za biashara. Tunapanga sawa vile fakulte ilivyopanga, dosie moja kwa somo moja. Sasa shamba halijui masomo. Linauliza swali moja, na jawabu limetawanyika katika dosie tatu.

Siku hizi natumia Obsidian. Ni ya bure, inafunguka bila mega hata moja, na kila noti ni faili ya maandishi matupu inayobaki ndani ya simu. Programu ikifa kesho, faili zitasomeka. Noti moja, wazo moja, na kichwa chake ni sentensi nzima. Hapana « Chokaa », bali « Chokaa na ure visiwekwe siku moja ». Nikikosa sentensi, ujue bado sijaelewa. Chini naandika kitabu, ukurasa na tarehe. (Ile PDF hata leo sijui niliitoa wapi, wala iliandikiwa udongo wa inchi gani.)

Kisha kazi yenyewe: noti hii inagusa noti gani ya somo lingine? Kichwa cha ile nyingine nakiandika ndani ya mabano ya mraba mawili-mawili, [[hivi]], na programu inaziunganisha. Noti yangu ya chokaa imefunga undugu na ya kemia, na ya gharama ya kubeba mifuko kutoka Kakontwe, na ya Kingereza, kwa sababu ripoti za Zambia zinaiita « lime », neno ambalo pia ni ndimu. Noti isiyo na kiungo naiita yatima. Jumamosi naitafutia ndugu.

Mwanasosiolojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann (1927–1998), aliunganisha kadi karibu 90,000 namna hii, za karatasi, bila umeme. Njo maana umeme ukikatika silalamiki: naandika kwa kaye ya mufukoni, naingiza baadaye. Kila mwisho wa mwezi nakopi zote kwenye kadi ya memori inayokaa nyumbani, kwani simu inaibwa.

Msifanye kama mimi mwanzoni, kupoteza miezi miwili nikichagua rangi. Wala msibandike kurasa nzima za watu. Huko ni kuhamisha karatasi, si kusoma. Na masomo matatu kwa mara moja yanatosha.

Msimu uliofuata chokaa iliingia mwezi wa kumi, tukaichanganya na udongo kwa jembe. Ure ilikuja mahindi yalipofika magotini, tukaifunika. Kabla ya kutoa pesa, mama mudogo alitaka kwanza nimusomee ile noti kwa sauti, mpaka jina la kitabu.