Kelele za Mjini Zinapomzidi Mwenye Usonji

Shuka kwenye daladala Kariakoo saa nane mchana. Wengi wetu tunasikia zogo la soko tu, tunapita zetu. Kwa watu wengi wenye usonji hakuna zogo moja. Kuna konda anayegonga bati, honi za bodaboda, kipaza sauti cha machinga kinachorudia bei ileile tangu asubuhi, na cherehani ya fundi pale barazani, vyote kwa pamoja na hakuna kinachokubali kukaa nyuma ya kingine. Hapo bado harufu ya samaki wa kukaanga, jua linalomulika kwenye vioo vya magari, na mabega ya wapita njia. Hata lebo ya shati inayokuna shingoni inadai isikilizwe.

Ndugu na majirani wana dawa moja: mpelekeni hukohuko, atazoea. Wanasema kwa mapenzi, lakini ushauri huo unaumiza. Feni ikianza kuzunguka, baada ya muda mfupi ubongo wa wengi unaisahau. Tafiti za picha za ubongo zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya wenye usonji kuzoea huko huchelewa au hakuji kabisa. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumika hata nje ya nchi hiyo, unaitaja tofauti hii ya hisia miongoni mwa dalili za usonji. Kumlazimisha mtu hakumkomazi. Kunamchosha.

Akizidiwa, mmoja atapiga mayowe, atajipiga kichwani au atakimbia bila kutazama magari. Mwingine atazima: macho wazi, maneno hayatoki hata akiulizwa jina lake. Ndipo umati unapojaa. Huyu anasema ni mapepo, yule analaumu malezi, wa tatu keshatoa simu anarekodi, na kila sauti inaongeza uzito uleule uliomwangusha.

Wenyewe wana mbinu zao. Wapo wanaofanya manunuzi asubuhi na mapema, maduka yakifunguliwa. Wapo wanaovaa viziba masikio vikubwa vya mafundi wa mashine, wasijali wanaowashangaa. Kapelo hupunguza mwanga, tasbihi mfukoni huvipa vidole kazi, na kabla ya kuingia mahali mtu hutazama kwanza pa kutokea. Baada ya siku ya namna hiyo wengi huhitaji kujifungia chumbani. Waajiri, na hata waume na wake, hili hawalielewi: aliyejikaza kutwa nzima mbele za watu amefanya kazi nzito, na uchovu wake huonekana akifika nyumbani.

Lakini kwa nini mzigo wote aubebe yeye? Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza kutoa utepe wa shingoni wenye alama ya alizeti kwa abiria wenye ulemavu usioonekana, ili wafanyakazi wakiuona wampe mtu muda. Australia yapo maduka makubwa yanayotenga saa ya kuzima muziki na kupunguza taa. Kwetu, naona tunaweza kuanza bila bajeti yoyote: dereva apunguze redio abiria akiomba, mwenye duka amruhusu mtu akae stoo mpaka atulie.

Na ukimkuta amezidiwa, tawanya watu. Usimshike, usimrushie maswali. Kama yuko na mama yake, muulize mama kwa sauti ya chini, “Nisaidie nini?” Huenda akakuomba tu uzime spika yako.