Chumvi ya Mwilini Inavyomaliza Ndevu

Msomaji anayekaa kaunta ya benki ameniuliza swali. Ni mwanamke, na ana ndevu kidevuni. Si malaika, ni ndevu hasa, nyeusi na ngumu. Hunyoa kila alfajiri, lakini ikifika saa tisa mchana wateja wameanza kumtazama kidevu badala ya macho. Anataka ziondoke moja kwa moja, tena wenzake kazini wasijue lolote.

Habari za nyuzi, nta, krimu na wembe naziruka. Anazijua kuliko mimi, na hakuna hata moja inayomaliza ndevu. Zinabaki leza na sindano ya umeme. Mwanga wa leza hufuata rangi nyeusi ya unywele, hugeuka joto na kuunguza shina. Ngozi yetu nayo ina rangi hiyohiyo, hivyo leza ya kuulizia ni Nd:YAG, ya nanomita 1064, inayopenya chini bila kuisumbua sana ngozi ya juu. Uzuri wake kwa mtu wa ofisini ni kwamba unakwenda ukiwa umenyoa. Ubaya wake ni kwamba haioni mvi, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huiruhusu kujitangaza kwamba inapunguza nywele kwa kudumu, si kwamba inaziondoa.

Sindano ndiyo inayonifurahisha. Mwaka 1875, Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, alieleza alivyowatibu watu ambao kope zao ziliota kuelekea ndani zikawa zinakwaruza jicho. Kung'oa hakukufaa kitu, kope zilirudi. Basi akapitisha sindano nyembamba kando ya kope mpaka shinani, akaiunganisha na betri. Kope hazikuota tena.

Kwa nini kung'oa hakutoshi? Muulize mkulima aliyewahi kupambana na ndago. Unaivuta, majani yanakuja, hata kipande cha mzizi kinakuja, nawe unajipongeza. Kumbe kiazi kimebaki chini, na mvua ya kwanza tu shamba limerudi kijani. Kiazi cha unywele ni seli shina, nazo hazikai zote kwenye ile ncha nyeupe inayotoka na kibano. Kundi kubwa limejibanza juu kidogo, ubavuni mwa kinyweleo, karibu na pale kinaposhika kile kimsuli kinachotusimamisha nywele tukisikia baridi. Unavuta ncha, kiazi kinabaki. Na ndago ya kidevu cha Mwafrika ina ukaidi wa ziada: tundu lake halishuki wima, limepinda, na jembe lililonyooka halifiki kwenye kona.

Hapo ndipo kemia inapoingia. Sindano ni upande hasi wa mkondo. Upande chanya ni fimbo ya chuma iliyozungushiwa kitambaa chenye maji, ambayo mteja anaishika mkononi. Ndani ya kinyweleo mna majimaji yenye chumvi, ileile ya mezani. Umeme ukipita, maji yanayogusa sindano yanavunjika. Haidrojeni inatoka, na ukitazama kwa lenzi utaona povu jeupe mdomoni mwa tundu. Kinachobaki, pamoja na sodiamu ya ile chumvi, ni kostiki soda. Ndiyo, ileile ya kupikia sabuni! Mkondo wa miliampia 1 kwa sekunde 10 huzalisha takriban maikrogramu 4 tu, lakini kwa tundu dogo namna ile ni mafuriko. Na kwa kuwa ni kimiminika, kinaifuata kona, kinayeyusha seli za ubavuni ambazo sindano haikuzigusa.

Wapo wanaosema "kuchoma ndevu". Jina hilo linanikera, maana hapa hakuna kinachoungua. Afadhali tuseme kuyeyusha shina. Joto lilikuja baadaye, miaka ya 1920, zilipoingia mashine za mkondo wa masafa ya juu. Zina haraka zaidi, na leo mafundi wengi huchanganya njia zote mbili. Fundi akigeuza nyaya, sindano ya chuma ikawa chanya, chuma huliwa na kubaki ngozini kama doa jeusi. Kwa hiyo usimwendee fundi wa kubahatisha, na sindano mpya ifunguliwe mbele ya macho yako.

Sasa usiri. Shina likishayeyuka, fundi huutoa unywele kwa kibano, nacho kinahitaji unywele uliochomoza, yaani siku 2 au 3 bila wembe. Usiache kidevu kizima: acha eneo dogo, uanze na chini ya taya, kwingine uendelee kunyoa. Mara ya mwisho kunyoa eneo hilo iwe Jumatano asubuhi, uende Ijumaa ukitoka kazini. Uvimbe kwa kawaida hushuka kabla ya Jumatatu. Vigaga vikitokea usivibandue, na ujikinge na jua, maana ngozi nyeusi hupata madoa upesi. Barakoa tangu enzi za korona haimshtui mtu, na mwenye kuvaa ushungi ameshapata kificho. Nywele huota kwa zamu, hivyo jiandae kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi.

Ila kama ndevu zimekuja ghafla, au hedhi imevurugika, au sauti imekuwa nzito, anza kwa daktari, upimwe homoni. Sindano huua kinyweleo kilichopo. Haizuii homoni kugeuza malaika wa jirani kuwa ndevu mpya.