Trekta lisilo na dereva: sekunde moja ni nyingi

Januari 2022 kampuni ya John Deere ya Marekani ilionyesha trekta linalolima bila dereva. Lina jozi sita za kamera, na kompyuta yake huichambua picha kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, muda huo ni sentimita 22 za kusogea. Kompyuta ikichelewa sekunde nzima, trekta limekwenda mita 2.2. Kwenye mashamba ya Ufipa, ambako maksai na watoto hupita papo hapo panapolimwa, hapo mtu au mnyama ameshagongwa.

Chanzo kimoja cha kuchelewa ni prosesa zenye viini vingi. Viini vinne ni kama makuli wanne wanaoshusha mahindi ghalani Sumbawanga penye mizani moja (mizani nayo ina mambo yake). Wakifika kwa kupishana, kazi inakwenda. Wakifika pamoja, watatu wanasubiri. Viini navyo hugombea kumbukumbu moja, hivyo programu ya breki iliyowahi ilipopimwa peke yake inaweza kuchelewa ikifanya kazi sambamba na ya ramani.

Katika ndege, waraka wa CAST-32A wa mwaka 2016 uliwataka watengenezaji waonyeshe kuwa wameudhibiti mgongano huo. Njia mojawapo ni kuipa kila programu zamu na sehemu yake ya kumbukumbu. Lakini zamu isiyotumika hupotea bure, na mnunuzi ameshailipia.