Majengo yamerudishwa Kampala, je, imani nayo imerudi?

Na Mwandishi Wetu, Kampala

UKIINUA macho unapopita katikati ya jiji la Kampala, utaona juu ya baadhi ya majengo ya zamani mwaka wa kujengwa na jina la Mhindi aliyejenga, vimeandikwa kwa saruji. Chini yake, dukani, huenda muuzaji ni Muganda, huenda ni Mhindi aliyefika miaka michache tu iliyopita. Jina la juu halijatoka mahali pake. Waliokaa chini wamebadilika zaidi ya mara moja, na mara nyingi mabadiliko hayo yalifuata amri ya serikali.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akiwa Tororo alitangaza kwamba Waasia watatakiwa kuondoka Uganda katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Kiasi cha 27,000 walipokewa Uingereza, wengine Canada, India na kwingineko. Njiani kuelekea Entebbe wengi waliporwa na askari kwenye vizuizi. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda, waliozaliwa hapa na wasioijua nchi nyingine.

Lakini haifai kusimulia habari hii kana kwamba ilianza siku hiyo. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa na Waingereza kati ya 1896 na 1901 kujenga reli kutoka Mombasa. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki, na wafanyabiashara wakawafuata. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, naye Muljibhai Madhvani akaanzisha cha Kakira mwaka 1930. Utawala wa kikoloni uliwaweka Waasia katikati: Mzungu juu, Mhindi dukani na kwenye mashine za kuchambua pamba, Mwafrika shambani. Mkulima aliyeuza pamba yake kwa bei asiyoipanga alikuwa na sababu ya kununa. Mwaka 1959 wananchi wa Buganda waliyasusia maduka ya Waasia, miaka 13 kabla ya amri ya Amin.

Kwa hiyo Amin hakuzua malalamiko. Aliyakuta, akayatumia. Maduka, viwanda na mashamba zaidi ya 5,000 yaligawiwa, mengi kwa askari na marafiki wa utawala. Mitaani waliitwa 'mafuta mingi'. Mkulima aliyeahidiwa uchumi mikononi mwa wananchi hakupata duka wala bei nzuri. Alichokipata ni foleni ya sabuni, chumvi na sukari, na biashara ya magendo. Viwanda vya sukari vilidorora hadi nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikawa inaagiza kutoka nje.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na Amin akakimbia. Hapo ndipo swali gumu lilipozuka: unajengaje upya nchi ambayo mali yake imebadilishwa mikono kwa bunduki? Serikali ya Milton Obote ilipitisha sheria mwaka 1982 iliyofuta ugawaji wa Amin na kuwaruhusu wenye mali kuomba warudishiwe. Manubhai Madhvani, ambaye Amin alikuwa amemweka katika gereza la kijeshi la Makindye, alirejea mwaka 1985 kuifufua Kakira. Hata hivyo, ni baada ya Yoweri Museveni kushika madaraka Januari 1986, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakati wafadhili walipokuwa wakisukuma, ndipo majengo mengi ya mjini yaliporudishwa.

Kisheria hilo lilikuwa haki. Lakini haki hiyo iliwagonga wengine. Katika nyumba nyingi walikuwamo wapangaji wa kawaida, makarani na walimu, waliokuwa wamelea watoto humo kwa miaka 20. Hawakumpora mtu, walikuwa wakilipa kodi kwa bodi ya serikali iliyosimamia mali hizo. Barua ya kuhama ilipofika, hawakuwa na pa kulalamikia. Na hata bodi yenyewe haikusalimika na tuhuma: mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge ilichunguza jinsi baadhi ya majengo yalivyoangukia mikononi mwa watu wasiohusika.

Kwamba kidonda hakijapona kulionekana Aprili 2007. Serikali ilikuwa na mpango wa kukata sehemu ya msitu wa Mabira, kiasi cha hekta 7,000, na kuipa kampuni ya sukari ya familia ya Mehta. Maandamano ya kutetea msitu yaligeuka fujo katikati ya Kampala, Wahindi wakashambuliwa, na mmoja aliyekuwa akipita tu akauawa. Mpango ulikuwa wa serikali. Kipigo kikaangukia rangi ya ngozi.

Hapo ndipo penye somo. Mwananchi anapoona ardhi inatolewa bila yeye kuulizwa, hasira yake hutafuta uso wa karibu. Dawa yake ni mikataba iliyo wazi, kodi ya haki na mishahara inayoweza kutetewa mbele ya mfanyakazi wa Kiganda. Kumnyamazisha anayeuliza hakuponyi kitu.

Kwa upande wa pili, Mwasia aliyezaliwa Mengo au Jinja ana swali lake pia. Katiba ya 1995 inaorodhesha jamii za asili zilizokuwamo nchini ilipofika Februari 1926, na Wahindi hawamo, ingawa baadhi yao walikuwa wamekwisha kufika. Wameomba kutambuliwa. Mtu anayejiona mgeni wa kudumu huweka akiba yake nje, na nchi ndiyo inayokosa.

Wakati huo huo, maisha hayajasubiri wanasiasa. Kijana wa Wandegeya anakunja yai ndani ya chapati, anaiita 'rolex', na hakuna anayekumbuka kwamba chapati ilivuka bahari. Na mtoto aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, Zohran Mamdani, alichaguliwa meya wa New York Novemba 2025. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alikuwa mmoja wa waliofukuzwa mwaka 1972.

Wahenga walisema mjenga nchi ni mwananchi, na mvunja nchi ni mwananchi. Uganda imeshajua gharama ya kuvunja. Kilichobaki ni kukubaliana, bila kuangalia rangi, nani anaitwa mwananchi.