Daftari la Darasa: Kalamu Katika Somo la Historia

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani methali hii ni ya wenye maduka tu. La hasha! Hata sisi wanafunzi wa Historia yatuhusu, kwani tunakariri miaka na majina kama kasuku, na mtihani ukiisha, yote kwaheri!

Dawa ya ugonjwa huu si ngeni. Huko Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet alitoka katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la pafu, hivyo kusema kwa muda mrefu kulimtaabisha. Mwaka 1924, akifundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, aliingiza mashine ndogo ya kupigia chapa darasani. Watoto walitoka nje kutazama kazi za watu, kisha wakarudi kuandika na kuchapa waliyoyaona. Mwaka 1926 wakaanza kubadilishana kurasa na watoto wa Trégunc, pwani ya Bretagne. Basi habari za bahari walizipata kwa wenzao wanaoishi kando yake.

Sisi hatuna mashine, tuna daftari moja kubwa. Kila juma mwanafunzi mmoja huandika ukurasa kuhusu mada tuliyofundishwa, akitaja aliyemsimulia au kitabu alichosoma. Wengine huuliza na kujibu chini yake. Siri ya mambo ni hii: insha ya mtihani husomwa na mtu mmoja, tena anayelijua jibu tayari. Wenzako je? Hao hawakuachi! "Nani alikwambia?" "Ilikuwa mwaka gani?" Utake usitake, utarudi kitabuni.

Tuchukue mada ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwenzetu mmoja aliandika kwamba baba ya babu yake aliingia msituni na Mau Mau. Chini yake mwingine akaandika kwamba wa kwao alikuwa homgadi, upande wa serikali ya kikoloni. Lo! Na hao wawili huketi dawati moja. Kwa mdomo, pengine ungezuka ugomvi. Kwa kalamu, kila mmoja alipata muda wa kufikiri. Wa kwanza aliuliza swali moja tu: "Kwa nini alikubali?" Wa pili akangoja likizo, akamwuliza nyanyake, akarudi na jibu: mzee alikuwa na watoto wadogo na shamba, akaogopa kupoteza vyote. Tulikuwa tumezisoma sababu za vita vile. Sasa tukawaona watu waliogawanyika katika kijiji kimoja.

Ndiyo maana tuna masharti. Jina lako liwepo. Jibu hoja, usimtukane mtu. Jambo la aibu la familia lisiandikwe bila idhini ya wenyewe. Mwalimu husoma kwanza, ila hasahihishi kwa wino mwekundu. Naye huuliza swali kama sisi.

Wenzangu, wazee waliouona mwaka 1952 wanazidi kupungua, na kila anayekwenda huenda na kurasa zake. Likizo i karibu. Kaa na nyanya jikoni, uliza, sikiliza, andika. Daftari linakungoja.