MPISHI NI MKONO, WASHIKAJI!

HEBU nikuulize, msomaji wangu. Ukimkuta mvulana aliyemaliza kidato cha nne anamenya vitunguu kwenye kibanda cha mama lishe, unasemaje? Hapa kwetu Nyasura jibu ni moja: "Huyo maisha yamempiga chenga." Eti kazi ya kike! Halafu ikifika saa saba mchana, wale wale waliomcheka wanagombania benchi na sahani mkononi.

Namfahamu mmoja wa aina hiyo, simtaji jina. Juzi kaniambia anataka kuacha, kisa kuchekwa. Nikaona wiki hii nimsemee.

Kwanza, jikoni kuna ngazi zake. Kwenye hoteli kubwa huanzi na kofia nyeupe kichwani. Unaosha masufuria, unamenya, unakatakata, ndipo unakabidhiwa jiko. Wengine hupitia chuoni, kama kile cha VETA cha hoteli na utalii kilichoko Njiro, Arusha. Na sisi watu wa Bunda tumepakana na Serengeti. Mtalii akishatazama simba mchana kutwa, jioni si lazima ale?

Lakini ngazi peke yake haikupi jina. Jina linaletwa na mkono. Mcheki Dennis Ombachi, wa kwa jirani zetu Kenya. Huyu bwana alikuwa mcheza raga wa timu ya taifa ya wachezaji saba, na mwaka 2016 alikwenda kwenye Olimpiki ya Rio. Maisha hayakuwa mteremko. Mwenyewe amesema wazi kwamba anaishi na baipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu juu kabisa kisha yakamwangusha chini. Lakini kwenye moto hakutoka. Video zake za mapishi zikamtoa upya, na leo mamilioni wanamfuata kwenye simu kwa jina la Roaming Chef, yaani mpishi mzururaji.

Kwani wapishi wa kwenye simu ni wachache? Wamejaa tele, na wengi wanaongea kama kasuku! Ombachi anapika kimya, mara nyingi nje, kwenye hewa safi. Unachosikia ni kisu kinagonga ubao na mafuta yanalia kaangoni. Chakula kikishaiva ndipo anatamka vijineno vya Kiingereza, kwamba ni rahisi hivyo tu. Hata ukifumba macho unajua ni yeye. Huo ndio mkono.

Sasa sisi Mara tuna sato na dagaa wa ziwani, tuna ugali wa muhogo, tuna kichuri chenye uchungu unaowatoa wageni jasho. Lakini kijana akifungua kibanda anakimbilia chipsi mayai, sawasawa na jirani yake wa kushoto na wa kulia! Si kwamba chipsi ni mbaya, hata mimi nazifakamia. Ila mteja atakukumbuka kwa lipi? Chukua sato, mpambanishe na ndimu, pilipili na moshi. Akiungua, anza upya. Siku moja mtu atapanda basi kutoka Musoma kumfuata sato wako, siyo wa mwingine.

Na ninyi mnaocheka wanaume jikoni, basi msile. Mnaweza?

Haya, tukutane wiki ijayo!